Mkubwa Kwanza

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu ndilo linalojifanya limezaliwa kabla yangu. Kifua chako je?

Kiwandani wananitania: "Mdogo wako meneja, anakaa ghorofani. Wewe miaka kumi na tisa unashona vifungo, tena unaimba?" Nawajibu, nafasi ya shule ilikuwa moja, sisi wawili, tukapiga kura, Mungu akachagua. Kikaratasi changu cheupe bado kimo kwenye kitabu cha sala. Nikikiona, moyo unatulia.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Kifua hakijapoa, na daktari siku hizi haniangalii usoni. Naogopa kuondoka na neno hili.

Vikaratasi vile niliviandaa mimi. Nikakusogezea kopo la bati, nikasema, "Mkubwa kwanza." Ukacheka, ukasema nina adabu. Dada, vya kwenye kopo vyote vilikuwa vyeupe. Chenye alama nilikibana vidoleni.

Tangu siku ile bati likigongwa popote, nageuka. Nisamehe. Njoo tuishi wote hapa.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Kifua chako nakiombea, hilo siwezi kukunyima.

Chumba changu ni kilekile, chai ileile, cherehani ileile. Juzi sikuona kilichopungua. Leo naona dari imeshuka. Magari yaliyokuwa yakinipita tu barabarani, sasa nayatazama mpaka yapotee. Wenzangu wananiuliza, wimbo umekwenda wapi?

Ghorofa kaa nayo. Ninazozililia ni zile sala: miaka yote nilimshukuru Mungu kwa kazi ya vidole vyako.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua zangu tatu hukujibu. Leo imefika bahasha yenye mwandiko wako, haina hata salamu. Ndani vikaratasi viwili vimekunjwa sawasawa, na mstari mmoja: "Kura ya msamaha. Mara hii mdogo kwanza."

Nimevitia kwenye kopo. Upepo ukiingia dirishani vinachakarika, nami najikuta nimesimama.

Sijachagua. Nakujua, Dada, hila huijui. Lakini hata mimi ulikuwa unanijua.

Niandikie neno moja tu, nitaliamini: kimoja kina alama?

Mdogo wako