Marobota Kwenye Mfereji wa Bwawa

Shambani, Oklahoma
Jumatatu, 29 Mei 1995

Kwako Kaka Harlan,

Natumaini wewe na shemeji Leona hamjambo huko Kansas, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu uanze zile sindano. Mimi mwili ni mzima. Kutulia ndiko kulikonishinda. Tangu niketi kukuandikia nimeshainuka mara tatu: kuzima jiko ambalo halikuwashwa, kutazama mawingu, na kufunga lango lililokwisha kufungwa. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usidhani ni uzee.

Mwanao Twila ni mzima, mumewe Galen naye ni mzima, na wajukuu wako wawili wanalala chumba kile tulicholala mimi na wewe. Nyumba yao ndiyo hivyo tena, maji yamebakiza ngazi za zege na bomba la kisima. Twila amekataa kulia. Anapika tu. Kila siku ni verenike, yale maandazi ya kuchemsha yenye jibini ndani, kama za marehemu mama, na hunisimamia hadi nimalize sahani, akisema, "Kula, baba mdogo. Aliyetuokoa hawezi kukonda mbele ya macho yangu."

Kanisani nako sina raha. Wamekwisha kukubaliana kwamba siku ile bwawa lilipokatika nilisikia sauti ikiniambia nikawatoe watoto nyumbani. Bibi Elfrieda alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Orlin, miaka yote hii unasinzia kiti cha nyuma, kumbe ulikuwa unasubiri zamu yako!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Sasa kuhusu barua yako. Umenishukuru mpaka nimeona aibu, kisha umenitaka nitie sahihi kwenye lile ombi la kumfukuza kazi Clovis Harbin, mkaguzi wa mabwawa, kwa kuwa fomu yake ya Oktoba iliandika kwamba bwawa letu ni salama na mfereji ni safi. Nimelisoma ombi hilo hadi karatasi imelegea. Sitatia sahihi, na nitakueleza kwa nini.

Unakumbuka baba alivyokuwa mkali juu ya ule mfereji mpana wa nyasi pembeni mwa tuta, unaopitisha maji yakizidi bwawani. Hata farasi hakuruhusu afungwe pale. Lakini mwaka jana nyasi zilitoka nyingi, ghala likajaa, na pale pana ardhi tambarare, kavu, ambapo trekta inageuka bila shida. Nikapanga marobota ya nyasi thelathini na manane, safu mbili, yakapendeza kweli. Nilijiambia ni ya wiki mbili.

Clovis alikuja Oktoba akayaona. Unajua huku kwetu jirani haandikwi. Anaambiwa, mmeegemea gari, yanakwisha. Alishatoa kalamu. Nikamwambia, "Wewe Clovis, tumecheza dhumna miaka ishirini leo unataka kuniandika kama mgeni? Nipe hadi Machi." Akanitazama, akasema, "Machi, Orlin. Mvua za Mei hazikujui." Akaandika safi. Machi ikaja, nikawa napanda mtama, nikasema kesho.

Mei hii mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Siku ya tano, saa tisa alasiri, nilikwenda bwawani na trekta kuyavuta marobota. Hakuna sauti iliyonituma. Kilichonipeleka ni hofu ya mtu anayejua alichokifanya. Niliyatoa manne, trekta ikazama matopeni hadi ekseli. Maji yakaingia mferejini, marobota yakaelea, yakasongamana kwenye uzio unaokata mfereji kama kizibo. Nilivuta kwa mikono, nikalia, nikatukana. Nilipogeuka, maji yalikuwa yanapita juu ya tuta lenyewe na udongo unamong'onyoka. Hapo ndipo nilipokimbilia gari na kwenda kumchukua Twila na watoto. Tulipofika barabara ya juu tuliisikia nyumba yake ikivunjika.

Kwa hiyo bwawa la baba halikuwa bovu, kaka. Niliziba njia yake mimi.

Tuta lilipokatika, marobota yakasombwa, na ushahidi wote ukaenda nayo. Galen aliyaona yametapakaa mashambani akaniambia, "Pole, baba mdogo, hata nyasi zako zimekwenda." Mwanamume aliyepoteza nyumba ananipa pole ya nyasi, nami nikaitikia asante.

Juzi nilimfuata Clovis kwake. Amekonda. Nilimwuliza mbona hajanitaja kwa wakubwa wake. Akasema fomu ile ina mwandiko wake, si wangu, na kwamba aliyeandika safi ni yeye. Akaniuliza kama wajukuu wanalala vizuri, akaingia ndani.

Alhamisi saa moja jioni kuna mkutano ukumbi wa shule, na watu wa wilaya watakuwepo. Nitasimama niseme yote. Nimekutangulizia wewe kwa sababu nyumba iliyokwenda ni ya mwanao, na sikutaka uyasikie kwa mwingine. Nikasirikie unavyotaka, ni haki yako. Twila bado hajui. Ananiita mezani sasa hivi. Namwambia kabla sijashika uma.

Nisalimie sana shemeji Leona, na wote wanaoniulizia. Goti likikuruhusu, njoo Alhamisi. Usije kukaa nami. Clovis atakuwa kiti cha mbele peke yake; kaa naye.

Ni mimi mdogo wako,
Orlin