Sukari ya Mama Sagesse

Kabuta, Nchelenge, tarehe 9 mwezi wa pili

Kwako mudogo wangu Fidélie, ku Pweto,

Jambo sana, mwana wa mama. Ile kifua ilipona? Shemeji na batoto banalalaka muzuri? Sisi huku tuko, Mungu anatushika, hata kama kolera imeingia mu vijiji vya ziwa tangu Noeli.

Mbele ya yote nikuambie juu ya Sagesse wetu. Vraiment, nilizala mutu! Kliniki ilimuchagua yeye, mutoto wa bakimbizi, afundishe bamama kutengeneza maji ya mugonjwa: litre moja ya maji ya kuchemsha, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko ya chumvi. Anafundisha mu Kibemba safi, mpaka benyewe banasema alizaliwa hapahapa. Mimi nilikaa mbele kabisa, bote baone tumbo yenye alitokea.

Donc bote bakatafuta sukari. Mvua ilikata barabara, malori ikabakia Mansa, sukari ikabakia mu kaduka kangu tu. Nikapandisha bei, kutoka kwacha makumi tatu mpaka makumi nane. Nikajisemea: na lori ikifika, mimi nitanunua kwa bei gani? Lakini unajua, huku mama anaitwa na jina ya mutoto. Bavuvi bakaanza kucheka ku soko, eti Sagesse anatutia woga, Mama Sagesse anatuuzishia dawa ya woga. Bamama bakaacha mafundisho. Mutoto akarudi analia. Nikamuambia ni wivu ya batu.

Fidélie, hapa kalamu inakuwa muzito. Unakumbuka Eneless, jirani anayekausha samaki, yule alitupatia unga siku tulifika mikono mitupu? Alikuja asubuhi moja, mutoto wake Febby anaharisha. Feza hana, sababu serikali ilifunga ziwa, batu habavui mpaka mwezi wa tatu. Akaniomba nimupimie sukari vijiko tu. Nikakatala, nikasema pakiti ikifunguliwa, sisimizi banaingia. Akauliza kama chumvi peke yake, akiiongeza, inafaa. Ile ya samaki anayo gunia muzima. Nilijua haifai. Si nilikaa mbele kabisa! Lakini ningesema haifai, ningepaswa kumupa sukari. Nikainama, nikapanga sabuni. Akachukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo, akaenda kumunywesha Febby maji ya chumvi tupu.

Febby yuko hospitali, siku ya ine leo hajafungua macho. Eneless hakunitaja, anaona haya kusema aliomba akanyimwa. Na Sagesse anasema kosa ni lake, alifundisha vibaya. Kesho anaenda kurudisha koti yenye kliniki ilimupa ya kufundishia.

Bei nilirudisha. Haikuniletea usingizi. Sasa barua hii sitaifunga mimi. Nitamupa Sagesse leo aisome yote, yeye ndiye ataitia ku posta. Ikikufikia, ujue mwanangu alisoma.

Usalimie bote wa nyumba yako, na mama mukubwa. Mukipiga magoti, mumutaje Febby kwanza.

Yaya, dada yako mukubwa,
Pierrette