Alimkanda Baba Mkwe Bila Kusema Neno

Kisii, Septemba 1974

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba pia unisome mpaka mwisho kabla hujacheka, kwa sababu jambo langu kwa nje linachekesha lakini kwa ndani kuna nyumba ya watu inayotaka kuvunjika, na aliyeivunja, ukitazama vizuri, ni mimi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kidogo, ninakanda watu hapa mjini katika chumba nyuma ya duka la nguo, na kazi hii niliipata nikiwa mhudumu wa wodi katika hospitali ya misheni, ambapo nilifundishwa kuwakanda wagonjwa waliolala muda mrefu, na tangu nilipoacha hospitali watu wananifuata wenyewe, wazee wenye migongo, akina mama waliojifungua, wachezaji wa mpira, na wale wanaobeba mikungu ya ndizi mpaka shingo inakataa kugeuka. Nilikuwa nimeridhika. Halafu binamu yangu Loice akarudi kutoka Nairobi alikokuwa akifanya kazi katika hoteli ya watalii, akanitazama nikifanya kazi siku nzima, jioni akaniambia, "Dada, wewe unakanda mtu kama unga wa chapati, halafu unamwambia kwaheri. Huko Nairobi mtu akitoka kukandwa anaingia kwa mvuke, anaoshwa miguu, anapakwa uso, anatoka hapo anang'aa. Hawa watu watakuja hata kama hawaumwi!"

Hayo maneno ya "hata kama hawaumwi" yaliniingia, Mshauri, sikatai. Tukatundika turubai tukapata chumba kidogo cha mvuke, ndani benchi refu na pipa la maji juu ya jiko la makaa, tukaweka beseni la kuoshea miguu kwa maji ya chumvi na majani ya mikalitusi, tukanunua mafuta ya nazi tukayatia karafuu, na Loice akawa anaponda avokado na asali anapaka watu usoni, yeye mwenyewe akishinda na uso wa kijani kibichi kutwa nzima ili wateja waone dawa inavyokaa. Mabibi wa walimu na wa makarani wakaanza kuja, na wagonjwa wangu wa zamani nao wakaonja mvuke wakaupenda.

Mmoja wa hao wa zamani ni Mzee Angwenyi wa Marani, mkulima wa pareto na mzee wa kanisa letu, ambaye mgongo wake ninaujua kuliko ninavyoujua uso wake. Mkewe alifariki mwaka juzi. Mwanawe, Okemwa, ni karani hapa mjini na hulala mjini, na anayemtunza mzee kule nyumbani ni mke wa Okemwa, anayeitwa Kwamboka, pamoja na mama mzazi wa mzee, ambaye ni mkongwe sana, haoni vizuri, kutwa anaota jua mlangoni. Mimi Kwamboka sikuwa namjua. Siku aliyokuja kwangu alijitambulisha kwa jina la mtoto wake, Mama Ogari, akasema kuna arusi ya shemeji yake na anataka uso wake uwe mzuri.

Ilikuwa Ijumaa. Sisi ni Wasabato, jua likianza kushuka Ijumaa hatuanzi kazi nyingine, na makaa yalikuwa ndiyo yale ya mwisho. Loice alikuwa ameenda sokoni. Kwamboka yuko ndani ya mvuke, amejifunga shuka, uso wote avokado, na hapo ndipo Mzee Angwenyi akafika akiwa ameinama, mgongo umemshika, nikamkanda upesi upesi nikamwambia aingie kwenye mvuke kidogo kabla moto haujazima. Nilijua kuna mama ndani. Nilisema moyoni, benchi ni refu.

Sasa labda wewe si wa kwetu, kwa hiyo nikueleze. Sisi Wakisii tuna kitu kinaitwa chinsoni, ni ile heshima na haya kati ya mzazi na mtoto, na kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe ndiyo kali kabisa, hawashikani mkono, hawaonani mwili, hawazungumzi maneno ya mwili, na baba haingii hata nyumbani kwa mwanawe. Mzee aliingia bila shati, amejifunga taulo. Akaona uso wa kijani katika ule mvuke akadhani ni Loice. Nilimsikia kwa masikio yangu, nami sikumsahihisha, akisema, "Loice mwanangu, hebu nikandie hapa chini kidogo, hiyo dada yako leo iko mbio ya Sabato." Kwamboka aliitambua sauti mara moja. Kukataa kulitaka aseme, na akisema atajulikana. Kukimbia kulitaka apite mbele yake na shuka. Kwa hiyo alimkanda, Mshauri. Alimkanda baba mkwe wake mgongo mtupu, amefumba macho, machozi yakichanganyika na avokado.

Na mzee, kwa vile alikuwa anaona raha, akaanza kuongea. Akasema, "Mimi unaniona nimekonda, lakini njaa siijui. Mke wa kijana yangu, tangu mama yao afe, hajaniacha nilale bila chakula hata siku moja. Binti yangu wa kuzaa hawezi kunifanyia hivyo. Lakini nitamwambia aje? Sisi hatuongei hivyo na mke wa kijana." Hayo Kwamboka alinisimulia mwenyewe baadaye nyuma ya nyumba, amejifunika kanga kichwani, na akaniapisha kwa Biblia nisimwambie mtu yeyote.

Tangu siku hiyo hajarudi Marani. Amekwenda kwao Nyakoe na mtoto wake mdogo wa kunyonya, anasingizia mama yake ni mgonjwa, na watoto wake wakubwa wawili wamebaki Marani. Arusi ilipita hakuonekana. Okemwa amekuja kwangu mara mbili, kwa sababu kuna mtu alimwona mkewe akitoka mlango wangu wa nyuma amejifunika, na ananiuliza, "Mama, sema ukweli. Alikuwa hapa na nani?" Nikasema sijui. Amesema akivuna mahindi atakwenda Nyakoe kudai ng'ombe wake wa mahari, mambo yaishe. Na Mzee Angwenyi naye bado anakuja kwa mgongo wake. Juzi alinilalamikia kwamba mikono ya Loice si ile ya siku ile, akaniita kama tunavyomwita mama mtu mzima kwetu, "Mong'ina, ile mikono ilikuwa ya nani?" Halafu akasema, "Mke wa kijana yangu amenitoroka. Nilimkosea wapi?" Nilikuwa kwenye bega lake. Niliendelea kukanda kwa sababu sikujua niuweke wapi uso wangu.

Nifanye nini? Nikimwambia mzee nimevunja kiapo, na yeye atakufa kwa haya. Nikimwambia Okemwa, atajuaje kama sisemi uongo? Nikinyamaza, Kwamboka anapoteza nyumba yake. Na huu mvuke niufunge, au niendelee nao, maana mabibi wa mjini wameuzoea na mimi pia nimeuzoea?

Mkandaji Aliyekwama

*

MSHAURI ANAJIBU

(Jibu hili lilipelekwa kwa posta kwanza. Limechapishwa baadaye kwa ruhusa ya mwandishi, na majina yote yamebadilishwa.)

Dada Mkandaji,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba, na nilicheka mara moja tu, pale kwenye benchi refu. Baada ya hapo sikucheka.

Tuanze na kosa, kwa kuwa umelipamba sana. Umenieleza Sabato, umenieleza makaa, umenieleza mgongo wa mzee. Yote ni kweli na hakuna linalokusaidia. Ulijua kuna mwanamke ndani amevaa shuka, ukamwingiza mwanamume mwenye taulo. Kwetu Mombasa bibi arusi akisingwa, yaani akisuguliwa mwili kwa manukato, hata paka dume hapiti karibu na mlango, na sisi hatuna chinsoni. Nyinyi mnayo, unaijua vizuri kiasi cha kunifundisha mimi, lakini siku ile uliiacha nje ya turubai. Ulichukua kazi ya hotelini, mahali ambapo wageni hawajuani na hawatajuana, ukaileta mji ambao kila mtu ni mkwe wa mtu. Loice hakukwambia hilo kwa sababu huko alikokuwa halikumhusu.

Basi. Umekosa, na kujilaumu kwa kurasa nyingine tatu hakutamrudisha Kwamboka. Yeye hana kosa hata moja. Alikwama, akachagua njia ambayo haingemwaibisha mzee. Nenda umwambie hivyo kwa maneno hayohayo, kwa sababu ninavyomwona anadhani ametenda dhambi, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Kuhusu nani aambiwe, nilimwuliza Mkisii mmoja tunayefanya naye kazi hapa, mtu mzima mwenye wakwe. Kwanza alicheka, halafu akaacha, akaenda kufunga mlango ndipo akanijibu. Akaniuliza, "Huyo mzee mama yake yuko hai?" Nikarudi kwenye barua yako. Yuko hai! Umemtaja akiota jua mlangoni kama vile unamtaja kuku. Mwenzangu huyo akanieleza jambo ambalo wewe unalijua tangu utotoni ila hofu imekusahaulisha: baba na mke wa mwanawe wana haya, lakini bibi na wajukuu hawana. Bibi hutaniana na mjukuu na mke wa mjukuu, na yale ambayo baba hawezi kuyasikia, yeye huyasikia na kuyamaliza.

Kwa hiyo usimwambie Mzee Angwenyi. Usimwambie Okemwa pia, maana kutoka kwako litakuwa neno la mtu anayejitetea. Nenda Nyakoe kwanza. Uliapa kwa Kwamboka, na ni yeye tu anayeweza kukufungua kiapo hicho. Mwombe akufungue kwa mtu mmoja, yule bibi, na mwende wote wawili huko Marani siku ambayo mzee yuko shambani. Mweleze bibi yote, pamoja na makaa. Akicheka, mwache acheke, ndiyo kazi yake. Yeye atamwita Okemwa amwambie wazi mkewe alikuwa na nani siku ile, na Okemwa hawezi kumwambia nyanya yake kwamba anadanganya.

Na kwa mwanawe, Mzee Angwenyi, bibi hatahitaji kueleza chochote. Atamwambia tu kwamba mke wa Okemwa hakumdharau, kwamba kuna jambo la chinsoni liliingia bila mtu kulitaka, na limeshashughulikiwa. Mwenzangu anasema mwanamume wa Kisii akisikia neno hilo hatauliza la pili. Mzee atajua ile mikono ilikuwa ya nani. Mwache ajue akiwa peke yake, na akikuuliza tena wewe, jibu lako ni kwamba umesahau. Kama kuna la kusali, wao ni watu wa kanisa, watasali bila kumtajia mchungaji sababu.

Mvuke usiufunge. Watu wanaumwa, na hata wasioumwa hawajakosa kwa kutaka kung'aa. Lakini tenga siku za wanawake na siku za wanaume, uziandike mlangoni, na zisigeuke kwa ajili ya mgongo wa mtu yeyote, hata wa askofu. Kabla mtu hajavua shati, mwulize ni wa nyumba gani. Ijumaa funga saa sita mchana. Na Loice anawe uso, wateja wameshaona.

Jambo la mwisho. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu turubai, na nusu mstari kuhusu watoto wawili waliobaki Marani. Okemwa akirudishiwa ng'ombe wake, wewe utaendelea kukanda, mzee ataendelea kuumwa mgongo, Okemwa ataoa mwingine. Watoto watabaki kwa baba yao kama desturi yenu inavyotaka, na watakua wakiambiwa kwamba mama yao alimfuata mwanamume. Leo hii katika mji huo mzima ni wewe na Kwamboka tu mnaojua kwamba huo ni uongo, na yeye hawezi kusema. Mahindi hayangoji. Jumapili hii uwe Nyakoe.