Mzee Panga Kanipora Safu Yangu

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni kazini.

Unamkumbuka Mzee Panga? Yule mwandishi mwenye siasa kali tuliyemzua mimi na wewe kwa mzaha, tukamtumia mhariri makala kwamba hata ndege wanaohama wafukuzwe nchini kwa kukosa vibali?

Asubuhi mhariri kaniita. Nikajua arubaini zangu zimefika. Kumbe! "Dada, safu yako tunampa Mzee Panga. Yule mtu ana moto. Jifunze kwake."

Jifunze kwake! MIMI!

Miaka tisa naandika, barua za wasomaji hazijai kiganja. Yeye wiki tatu tu, gunia zima! Na hakuna hata mmoja aliyecheka. Wanauliza ndege wataanza kufukuzwa lini.

Mama yangu mzazi kakata makala yake kaibandika sebuleni. Zangu hufungia vitunguu.

Uzalendo ukanishinda. Nikarudi mezani, nikaandika makala ya kumponda Panga, nikampelekea mhariri. Kasoma nusu, kanirudishia.

Eti, "Hii hatuchapishi, dada. Inanuka wivu."