Siku Niliyoitafuta Foleni

Jumamosi, jioni. Upepo wa vumbi umevuma tangu asubuhi na mvua ya kwanza bado inatusubirisha. Hapa Troyeville, Johannesburg, bati la jirani linagonga-gonga na mimi siwezi kutulia. Nimekaa, nimesimama, nimechemsha chai nikaisahau jikoni. Mstari huu wenyewe nimeuandika mara tatu.

Leo ilikuwa lazima nimwambie Salha.

Salha ni mjukuu wangu, ana miaka kumi na miwili. Baada ya wiki tatu ninarudi Tanga, na safari hii si likizo ya kila mwaka. Narudi moja kwa moja. Dada yangu mkubwa amebaki peke yake katika nyumba ya mama yetu, macho yake yamefifia, naye ndiye aliyenilea. Binti yangu Rukia, mama yake Salha, anajua tangu Ramadhani. Nilimwomba asimwambie mtoto, nitasema mwenyewe. Nikaahirisha, nikaahirisha, mpaka jana akanipigia: "Mama, kesho Salha akirudi kwangu hajaambiwa, namwambia mimi."

Nikachagua kumpeleka kwenye bustani ya bembea. Msomaji atauliza kwa nini nichague mahali penye makelele namna ile kwa jambo kama hili. Jibu ni foleni, na naomba nieleze.

Salha amezaliwa hapa Johannesburg. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu. Ni mahali pamoja tu ambapo hunijibu kwa Kiswahili bila kuombwa, napo ni kwenye foleni. Pale tumebanana na wageni, hataki wasikie mambo yake, basi anahamia lugha ambayo anadhani ni yetu wawili. Mwaka juzi tulisimama saa nzima tukingoja zile mashua zinazoporomoka majini. Ndipo aliponieleza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kwamba baba yake anaoa tena huko Durban na yeye hataki kwenda harusini. Nyumbani hakuwahi kulitaja.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa rahisi. Tutapanga foleni ndefu, nitasema, na tutakuwa na muda wa kulia na kunyamaza kabla ya kupanda.

Sikujua kwamba foleni imeondolewa.

Siku hizi nafasi inawekwa kwa simu. Unachagua mchezo, simu inakupa muda wako wa dakika ishirini, unakwenda kutembea, na ukirudi ndani ya muda huo unapita mlango wa pembeni; ukichelewa ndipo unapanga foleni ya kusimama. Nimefundisha takwimu chuo kikuu pale Braamfontein karibu maisha yangu yote ya kazi, na hesabu za foleni zilikuwa mada niliyoipenda kuliko zote, kwa hiyo nilisimama nikautazama utaratibu huu kwa heshima. Lakini wanafunzi wangu wangenikumbusha kwamba kila mchezo una viti vilevile na unazunguka kwa mwendo uleule. Foleni haijafupishwa, imetolewa miguuni ikawekwa mfukoni. Watu bado wanangoja, ila wanangoja huku wanatembea, wanakula chipsi na kutazama saa.

Salha aliishika simu yangu kama dereva anavyoshika usukani. Tulikuwa na nafasi ya bembea za minyororo, tukapita. Mashua, tukapita. Kila tulipokaa kwenye benchi alikuwa anatafuta mchezo unaofuata, kwa Kiingereza, kidole kikikimbia kwenye kioo. Mara ya kwanza nilisema, "Salha, kuna jambo," simu ikalia. Mara ya pili alisema kwa Kiingereza, "Sharp, Bibi," yaani sawa, anasikia, na hakuwa ananisikia. Mara ya tatu sikumaliza hata jina lake. Nilikuwa na mjukuu wangu siku nzima na sikupata naye dakika kumi zilizosimama.

Mchezo mkubwa, kile kitreni kinachopanda juu kabisa kisha kudondoka, tulipata muda wa saa nane na dakika arobaini hadi saa tisa kamili. Huo ndio alioungoja mwaka mzima, maana sasa urefu wake unaruhusu. Tukiwa njiani tukakutana na Mama Furaha, fundi cherehani wa Berea, mtu wa Bukavu, amekuja na akina mama wa kanisani kwake.

"Mama Profesa, ya siku mingi! Na mutoto amekuwa mukubwa vile!"

Mtu wa Tanga hapiti kwenye salamu kwa kuruka, na mtu wa Bukavu hali kadhalika. Aliniuliza Rukia, nikamuuliza watoto. Aliniuliza miguu yangu, nikamuuliza cherehani. Salha alinivuta mkono, akasema kwa Kiingereza: "Bibi, muda." Nikasema subiri, namsalimia mtu.

Sasa nikiri. Nilipomuuliza Mama Furaha habari za dada yake aliyeko Uvira, nilikuwa nimeshatazama saa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Nilijua. Nikauliza na shemeji yake pia.

Tulifika mlango wa pembeni saa tisa na dakika nne. Binti wa langoni alisoma simu, akatikisa kichwa kwa huruma, akaniita bibi kwa Kizulu: "Eish, gogo, muda wenu umepita. Foleni ya kawaida iko kule."

Iko kule. Kibao kilisema dakika tisini.

Salha alisimama amekunja mikono kifuani, machozi yanamlengalenga, nami nikajiona mwizi. Tulisogea hatua tano, kisha kumi. Halafu, bila kunitazama, akasema kwa Kiswahili: "Bibi, usigeuke. Huyu baba wa nyuma ananuka vitunguu."

"Vumilia, mwanangu," sauti ikasema nyuma yetu. "Ni mishkaki. Nimekula miwili."

Mtu wa Temeke kabisa. Salha alificha uso kwenye mkono wa koti langu, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza leo. Kisha nikaona kwamba nikiendelea kucheka sitasema tena. Nikasema. Kwamba naondoka, kwamba tiketi ni ya kwenda tu, kwamba bibi yake mkubwa hawezi tena kuwasha jiko peke yake.

Yule baba alisikia, haikuwezekana asisikie. Alirudi nyuma hatua mbili, akatugeuzia mgongo, akawakabili watu wa nyuma yake. Pengo likafunguka katika foleni. Mtu akamwambia asogee. Akainua mkono tu, hakusogea.

"Tangu lini?" Salha akauliza.

"Tangu Ramadhani."

"Ramadhani ile tuliyofuturu wote kwako?"

"Hiyo hiyo."

"Na Mama alikuwa anajua, anakula sambusa?"

"Alikuwa anajua."

Tulipinda kona nzima ya vyuma. "Ungeniambia, Bibi. Ningekuwa nimeshaanza kuzoea."

Nilidhani namwokoa na kungoja. Kumbe sisi wakubwa tumengoja pamoja miezi yote hii, tumelia zamu kwa zamu, na yeye peke yake tumempitisha mlango wa pembeni. Amebakiwa na wiki tatu za kufanya kazi ambayo mimi nimeifanya tangu Ramadhani na bado sijaimaliza.

Tukasogea. Akauliza kama Tanga kuna baridi. Akauliza nani atamsuka. Akalia kidogo, akajipangusa kwa mtandio wangu, akaendelea kuuliza, yote kwa Kiswahili, na sidhani kwamba alikuwa anamficha mtu tena.

Tulipofika mbele kabisa, aligeuka akamwambia yule baba, "Pita wewe kwanza." Kisha akaipisha familia moja. Kisha wasichana wawili waliovaa kofia sawa.

"Gogo, mnapanda au hampandi?" binti wa lango akauliza.

"Bado kidogo," Salha akanijibia.

Tulipanda kitreni cha mwisho. Nilifumba macho njia nzima.

Jua limeshazama na bati bado linagonga. Rukia amepiga simu, ameniuliza kama nimesema, nikamwambia nimesema, nimechelewa lakini nimesema. Sikumwambia habari ya dada wa Mama Furaha. Wala Salha sijamwambia. Je, nimwambie kwamba nafasi yake sikuipoteza kwa bahati mbaya?

Nadhani nitamwambia. Mambo ya kufichana naye yanatosha.

Kesho anakuja kunisaidia kufunga vitabu kwenye maboksi. Aliuliza aje saa ngapi. Nikamwambia aje tu, hakuna saa.