Aliyekuwa Ameshika Usukani

Ijumaa, 1 Agosti
Nina miaka sabini na minne. Nimeishinda vita ya Amini, nimelishinda tetemeko, nimeushinda mnyauko wa migomba. Madaktari wawili waliniambia niache kunywa. Wote wawili nimewazika.
Leo nimeosha pikapu, nimeangalia maji na oili. Leseni nilisharudishiwa. Mwaka juzi trafiki wa Bukoba walinikamata nimelewa. Nikalipa faini, leseni ikafungiwa miezi sita. Hakimu akasema mara ya pili nisitegemee faini, nitegemee jela. Mimi naendesha tangu yeye hajazaliwa.
Kesho harusi Kamachumu. Nakwenda na rafiki yangu Respicius.

Jumapili, 3 Agosti
Vibaya. Gari liko mtaroni. Respicius amevunjika mguu, kalazwa hospitali ya Rubya. Mimi mkwaruzo tu kwenye paji la uso.
Nilikunywa lubisi. Nilisema lubisi ni ndizi, si pombe, babu zetu walikunywa na wakalima. Respicius hanywi. Leseni anayo, aliendesha gari la parokia miaka mingi. Aliniomba ufunguo mara tatu. Nilimcheka mbele ya watu, nikasema mikono yake imezoea rozari tu. Nikatafuna kahawa kiganja kizima ili trafiki wasinuse.
Kona ya kwanza ya mteremko niliipata. Ya pili sikuiona.

Jumanne, 5 Agosti
Nimekwenda Rubya. Respicius kaniambia ameshawaeleza polisi kwamba dereva alikuwa yeye. Siku ile walitukuta wote tuko nje ya gari. Kipima ulevi kilinikamata mimi, kwake hakikuonyesha kitu. Lakini abiria kulewa si kosa.
Mimi na yeye tulichanjiana omukago, udugu wa damu, tukiwa vijana. Punje ya kahawa ilipasuliwa. Nusu yenye damu yangu akameza yeye, nusu yenye damu yake nikameza mimi. Mtu wa namna hiyo humwachi aende jela. Ndiyo sheria yetu.
Nikamwambia asante. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi.

Jumamosi, 9 Agosti
Kilabuni nimewaambia watu kwamba Respicius hajui kona. Wamecheka. Na mimi nimecheka.
Nimerudi, sikula.

Jumatano, 20 Agosti
Respicius katoka hospitali. Kaletewa wito wa mahakama. Mtu aliyeimbisha kanisani miaka yote atashika Biblia aape uongo wangu.
Mama Edina, mke wangu, hajaniuliza kitu tangu ajali. Leo alikuwa anamenya ndizi. Kasema bila kuniangalia:
"Baba Edina, ujanani ulimeza damu yake. Sasa unammeza mzima."
Nilimfokea. Hakuna aliyewahi kunishinda kwa maneno, Kamachumu hadi Bukoba mjini. Leo nimeshindwa jikoni kwangu.

Jumapili, 24 Agosti
Sikwenda kanisani. Nimesema mgongo. Si mgongo.

Alhamisi, 28 Agosti
Muleba, mahakamani. Respicius kaja na magongo. Karani akasoma shitaka, kuendesha kwa uzembe. Akamuuliza ni kweli au si kweli. Kabla hajafungua mdomo nikasimama. Askari akaniambia, mzee, kaa. Sikukaa.
"Mheshimiwa, aliyekuwa ameshika usukani ni mimi. Nilikuwa nimelewa. Na si mara ya kwanza."
Nikawanyooshea askari mikono.
Respicius alikasirika. Nje akaniambia kwa Kihaya, polepole, kwamba nimemvunjia kiapo chake cha omukago. Nikamjibu kiapo kilisema tusidhuriane, na aliyeanza kukivunja ni mimi, pale nilipomnyima ufunguo. Kaondoka na magongo yake, hakutaka nimshike mkono.
Polisi wameandika maelezo yangu. Mama Edina kanidhamini.

Jumatano, 10 Septemba
Kesho hukumu. Nimeshakiri, na faili la Bukoba wameshalileta. Kesi ya Respicius imefutwa, kaonywa tu kwa kudanganya polisi. Leseni yangu hairudi tena, karani kaniambia wazi. Jela, huenda. Binti yangu Edina kaniwekea soksi na dawa za presha kwenye mfuko.
Jioni Respicius kaja. Hakuwa amekanyaga hapa tangu siku ya mahakama. Kala ebitoke, ndizi za Mama Edina, akasema chumvi imezidi. Akauweka mguu juu ya stuli. Bado umevimba. Niliutazama mpaka aliposimama kuondoka.
Anayeweza kushuhudia kwamba mambo yalikuwa hivi ni yeye, na mke wangu. Nisiulizwe mimi. Mimi huwa naongeza chumvi.