Jumapili za Muturi

Lanet,
Jumanne, 6 Februari 2024

Dada mpendwa Wamuyu,

Natumaini mmeamka salama huko Kabazi, wewe na Mama, na kwamba kifua chako kimetulia. Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo yananiwasha kama ya mtu aliyeshinda jikoni kwenye moshi. Naandika kwa sababu simu imetushinda. Ukiwa macho mimi nimelala, na nikiamka wewe uko kwa ng'ombe.

Jambo lenyewe nilitaka kukwambia Jumapili pale langoni nikakosa pa kuanzia. Unajua kwamba miaka mitatu sasa nacheza karata kwenye kompyuta. Wewe unaita kubeti, na mimi nishachoka kukusahihisha. Ni mashindano: watu elfu na zaidi wanalipa kiingilio, wanacheza mpaka abaki mmoja, na wachache wa mwisho ndio wanaopata kitu. Nimekuwa nikicheza yale madogo, ya kiingilio cha bei ya kilo ya nyama. Sasa kuna timu ya wachezaji imenikubali. Itanilipia viingilio vya mashindano makubwa, halafu tugawane nitakachopata. Hawachukui kila mtu, dada. Wamechunguza mchezo wangu mwaka mzima.

Shida ni kwamba yale makubwa huchezwa Jumapili, siku wanayopumzika Wazungu. Yanaanza asubuhi yetu na kuisha alfajiri ya Jumatatu. Kwa hivyo Jumapili sitaweza kuja tena kukaa na Mama. Nitakuja Jumanne. Tafadhali usikasirike kabla hujafikiria.

Ndugu yako,
Muturi


Kabazi,
10 Februari 2024

Ndugu yangu Muturi,

Salamu zako zimefika. Kifua kimepoa, sasa mgongo ndio umeshika zamu. Mama ni mzima wa mwili.

Nimefikiria kama ulivyoniomba, na nimekasirika vilevile. Lakini hongera. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa huachi kitu mpaka ukimalize, hata kama ni sufuria ya viazi.

Jumanne hainisaidii. Jumapili ndiyo siku yangu ya kutoka kwenye hili boma, nikae kwenye kiti cha kanisa bila mtu kuniita. Na Mama hajui Jumanne ni nini. Mwaka ameusahau, mwezi ameusahau, lakini spika ya kanisa ikianza kuimba ng'ambo ya bonde, anatafuta viatu vyake na kwenda kukaa langoni kungoja. Na unajua si wewe unayengojwa. Kwa kuwa ulipewa jina la babake, amekuita Baba tangu ukiwa kwenye nepi, na sote tulicheka alipokuwa anakuomba wewe, mtoto wa miaka mitano, ruhusa ya kuchinja kuku. Siku hizi si mchezo tena. Anaamini kabisa ni babake anayekuja kumwona.

Na mimi, ole wangu, ndiye niliyepewa jina la mama mkwe wake, na unakumbuka hao wawili walivyoishi. Nikishika kijiko ananiangalia kama nimetia sumu. Siku ya Jumapili ukimlisha wewe anamaliza sahani, na hicho ndicho chakula kinachompeleka wiki nzima. Ndugu yetu Gachanja yuko Qatar anatuma vipicha vya mikono inayoomba. Nimebaki na wewe tu.

Dada yako,
Wamuyu


Lanet,
22 Machi 2024

Dada mpendwa,

Habari za mvua? Huku imeanza na nguo hazikauki. Mimi niko, nashukuru Mungu.

Najua nimekuja Jumanne moja tu kati ya zote nilizoahidi, na siku hiyo nililala kwenye kochi kabla ya chai. Sina la kujitetea. Ningependa tu ujue hali ilivyo. Kule chini watu walikuwa wanakosea, nami nilikuwa nakula makosa yao. Huku juu hakuna anayekosea. Nakaa saa nyingi nikitupa karata moja baada ya nyingine, nangoja nafasi, na ikija, kuna Mbrazili aliyeingojea kwa subira kunishinda. Kila Jumatatu napitia mchezo wote na mwalimu wa timu, ananionyesha nilipoogopa. Anasema nikivumilia mwaka huu nitatoboa. Nimechoka, dada, lakini nikirudi chini sasa sitapewa nafasi nyingine.

Nimeongea na Chepkirui, jirani yenu. Amekubali kukaa na Mama kila Jumapili, nitamlipa mimi.

Ndugu yako,
Muturi


Kabazi,
19 Aprili 2024

Ndugu yangu,

Sisi hatujambo. Shamba limekuwa matope matupu na minji imeoza kabla ya kuchumwa.

Chepkirui amejaribu. Ni mtu mpole, na Mama anamheshimu sana, anamkaribisha vizuri kama mgeni, halafu hali chochote kwa sababu mtu halishwi na mgeni. Kisha anatoka na kukaa langoni kwenye mvua. Amekonda, Muturi. Gauni lake la kijani tumelipunguza.

Nakuomba kitu kimoja tu. Jumapili ya tarehe tano Mei nitafungwa kitambaa cha ushirika wa akina mama kanisani. Nimefuata mafunzo yake kwa shida mwaka mzima, na siku hiyo ni lazima niwepo. Njoo hiyo Jumapili moja. Sitaomba nyingine.

Dada yako,
Wamuyu


Lanet,
1 Mei 2024

Dada mpendwa Wamuyu,

Natumaini nyote ni wazima. Nitakuja. Nimeshaiambia timu wasinihesabu Jumapili. Nitafika kabla ya spika kuanza kuimba, na nitabeba mkate ule mtamu anaoupenda Mama. Vaa uende, usiwe na wasiwasi.

Ndugu yako,
Muturi


Lanet,
7 Mei 2024

Dada,

Hujambo? Sijui kama utasoma hii.

Jumamosi nilicheza shindano dogo la kupasha mkono tu. Zawadi yake ilikuwa kiti katika lile kubwa kabisa la Jumapili, na nikakishinda. Kiti hicho hakiuzwi wala hakisogezwi. Usipocheza, kinapotea. Nilikaa na viatu mguuni tayari kwa safari, nikajiambia nitacheza kidogo nitolewe mapema, kisha nichukue gari nikufikie kabla ya ibada kuisha. Sikutolewa. Jua likachwa, likachomoza, nami bado nipo. Nilimaliza wa tatu, Wamuyu. Kati ya watu wote hao. Mwalimu alinipigia akicheka kama mtoto, na timu imenipandisha tena, kwenye daraja ambalo miaka miwili iliyopita nilikuwa nikilitazama tu.

Nilipozima kompyuta nilikaa kitandani nikalia, na haikuwa furaha. Nisamehe. Niambie ilikuwaje kanisani.

Ndugu yako,
Muturi


Lanet,
23 Mei 2024

Dada Wamuyu,

Hamjambo? Hujajibu, na simu yako inaita tu. Chepkirui ananiambia mko salama, halafu anabadilisha mazungumzo. Niambie chochote, hata matusi. Mama anakula?

Muturi, ndugu yako


Kabazi,
9 Juni 2024

Ndugu yangu Muturi,

Sisi ni wazima. Baridi imeingia, na asubuhi hatuoni hata zizi kwa ukungu. Sikunyamaza kukukomoa. Nilikuwa sijui nitaandikaje haya.

Siku ile nilivaa mapema, nikamvalisha Mama, tukakaa naye langoni kukungoja. Spika ikaanza kuimba. Akaniuliza Baba yuko wapi, nikasema yuko njiani. Akauliza tena. Nikasema tena. Waliimba, wakaomba, nikasikia mchungaji akianza kuwaita akina mama mmoja mmoja kwa majina, na jina langu likaitwa, nikiwa nimekaa juu ya jiwe na viatu vyangu vya kanisa. Mama akanishika mkono: "Baba yuko wapi?"

Nikamwambia, "Baba alikufa, Mama."

Nilisema kwa uchovu, si kwa hasira. Na sikudanganya, babu alikufa kabla hatujazaliwa. Akauliza, "Amezikwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi sikuambiwa." Kisha akavua viatu, akakaa chini kwenye nyasi na kulia.

Alilia siku nyingi. Chepkirui alisikia akawaita akina mama wa kanisa, wakaja na sukari na majani ya chai wakidhani tumefiwa, na sikuwa na nguvu za kuwaeleza. Wakakaa naye, wakamwimbia. Jioni moja nilimpelekea uji nikijua ataukataa. Akaupokea. Akaniambia mimi, yaani mama mkwe wake, kwamba kumbe nina moyo, na kwamba tusahau ya zamani. Tangu siku hiyo anakula mkononi mwangu. Amenenepa, analala usiku kucha. Spika ikiimba haendi tena langoni.

Kwa hivyo sijui nikwambie uje au usije. Nikisema uje, naogopa atadhani anaona maiti. Nikisema usije, wewe ni mtoto wake. Amua mwenyewe. Mimi nimechoka kuamua.

Dada yako,
Wamuyu


Lanet,
17 Juni 2024

Dada mpendwa Wamuyu,

Natumaini tangu uliporudi kutoka kanisani jana Mama yuko salama kama nilivyomwacha, na kwamba kitambaa walichokufunga hatimaye kimekukaa vizuri. Samahani kwa kuondoka ulipofika tu, bila kungoja chakula. Nisingeweza kukaa mezani.

Ulipotuacha hakushtuka kama ulivyoogopa. Alinitazama tu, akanipa mkono, akanionyesha kiti cha wageni. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikasema ni wa hapa hapa karibu. Akasema nimefanya vyema kupita, kwa kuwa nyumba hii imefiwa na wengi hawajafika.

Nikamwomba anieleze kuhusu marehemu. Aliongea muda mrefu, dada, na kwa akili safi kuliko nilivyomsikia mwaka huu. Akasema babake alikuwa mtu mzuri, alikuja kumwona kila Jumapili na alimlisha kwa mkono wake mwenyewe. "Ila mwishoni alishikwa sana na kazi," akasema. "Usimlaumu. Alikuwa amechoka."

Nikampa pole. Nikachukua sahani nimlishe, akauondoa mkono wangu kwa adabu, akasema atangoja mwenyeji arudi.

Timu nimeiambia asubuhi hii kwamba Jumapili sitacheza tena. Wamesema ni sawa, kuna kijana wa Eldoret anayengojea nafasi. Haikuchukua hata dakika kumi. Nitarudi kwenye yale madogo ya katikati ya wiki, nikiwa na macho ya kuyachezea.

Jumapili nitakuja tena, uende kanisani. Akiuliza ni nani aliye langoni, mwambie ni yule mgeni.

Ndugu yako,
Muturi